Mama Hasomi kwa Ruhusa

Sina orodha ya vitabu bora na sitaki kuwa nayo. Ukija kwangu kuniuliza usome nini, nitakuuliza kwanza nani amekuudhi wiki hii, umechoka kiasi gani, na kama nyumbani una mtu wa kucheka naye. Ukishanijibu ndipo nitafungua sanduku. Wapo waliokuja kutaka historia ya nchi wakaondoka na hadithi ya wizi wa almasi. Yupo dereva mmoja wa watalii, mwanamume wa miraba minne, aliyeomba kitabu cha ndege wa porini nikampa riwaya ya mapenzi. Alinirudishia baada ya siku nne akiwa amenuna, akasema mwisho wake si wa haki hata kidogo. Nikajua sikukosea.

Nafanya kazi ya vyumba kwenye loji moja juu ya mji wa Karatu, njia ya kwenda kreta, lile shimo la volkano wanakotazamwa wanyama. Wageni wanaacha vitabu kwa sababu ndege ndogo hazitaki mizigo mizito. Utaratibu wetu ni kwamba kilichoachwa kinakaa stoo miezi mitatu, na kisipoulizwa anapewa aliyekiokota. Wenzangu huombea wageni wasahau viatu, tochi na makoti ya baridi. Mimi nachukua vitabu, na wenzangu wameshachoka kunicheka. Vya Kiingereza na Kijerumani nabadilishana na madereva na waongoza watalii kwa vya Kiswahili, ambavyo wao huvipata Arusha kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Kwa hiyo sanduku langu lina kila kitu: upelelezi, mapenzi, mashairi, majini, maisha ya watakatifu, ushauri wa kilimo, na kitabu kimoja cha mapishi ambacho nusu ya viungo vyake sijawahi kuviona, lakini nakisoma kwa kiu ileile ninayosomea riwaya.

Askari wetu wa getini, Mmasai wa Piyaya, aliniambia mapema kabisa kwamba hasomi kitabu ambacho ndani yake ng'ombe wanakufa. Watu wafe watakavyo, alisema, lakini ng'ombe hapana. Nilihangaika naye mwaka mzima. Sasa anasoma upelelezi wa mjini, ambako hakuna ng'ombe, na ananiambia muuaji ni nani kabla hata sijafika ukurasa wa ishirini. Namkemea kila mara na kila mara anarudia.

Kitu kimoja kinachonipandisha hasira ni kusikia watu wakisema soma vitabu vya maana. Mtu anayesema hivyo, mara nyingi hajamaliza kitabu tangu alipofanya mtihani wa kidato cha nne. Anadhani kitabu ni dawa chungu, na kwamba ukikinywa ukatabasamu basi si dawa. Nimebishana na watu hao kwenye foleni ya benki, kwenye harusi, hata saluni nikiwa na kichwa nusu kimesukwa, na sijajuta hata mara moja.

Lakini msomaji wangu mkubwa kuliko wote ni mama yangu, na ndiye ninayetaka kumsimulia.

Mama ni mjane, amepita miaka sabini, na anaishi Endabash kwenye nyumba ya bati aliyojenga baba. Shule aliishia darasa la nne. Husoma baada ya chakula cha mchana, kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa jiko, na miwani niliyomnunulia mnadani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa kwa sababu mkono mmoja wa miwani ulivunjika. Anapenda mapenzi, lakini yawe na mwanamke mwenye akili. Anapenda upelelezi, lakini asichezewe. Mashairi huyasoma kwa sauti, polepole. Maisha ya watakatifu aliyasoma mara moja akasema ni mazuri, ila watakatifu hawapiki.

Mama hasomi peke yake. Kila nilichompelekea kilitoka kwake kikaenda kwa jirani, kikatoka kwa jirani kikaenda kata nyingine. Mimi niliyesoma bweni, nikalelewa na maktaba yenye muhuri wa tarehe, nilimnunulia daftari nikachora mistari. Jina, kitabu, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Wiki mbili, nikamwambia. Mama alilipokea daftari akashukuru, na nilipokuja tena nikakuta amelitumia kufungia mbegu za maharage.

Nilichukia. Kulikuwa na riwaya moja ya upelelezi niliyoipata kwa shida, na nilijua iko Baray, kwa mzee mmoja mkulima wa vitunguu rafiki wa familia yetu, na ilikuwa na miezi minane huko. Nikapanda bodaboda nikaifuata. Nilimkuta mzee shambani akielekeza maji kwenye majaruba. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuchukua kitabu cha mama. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kitabu kimezungushiwa kitambaa safi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hakunikaribisha hata maji. Jua la Baray si la kunyimana maji, na nilirudi nikiwa nimekauka, nikijisifu kwamba sasa watu watajua vitabu vina mwenyewe.

Kesho yake mke wa yule mzee alipanda mpaka Endabash kumuuliza mama wamemkosea nini.

Mtu wa kwetu angekuwa ameshaelewa zamani. Sisi Wairaqw, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi lake. Anampa huyu mmoja, yule wawili, wengine wako kata ya tatu. Aliyepewa anamfuga, anakunywa maziwa, anatumia samadi. Ndama ni wa mwenye mali, na siku moja aliyefuga naye hupewa wake. Ng'ombe anaweza kukaa huko miaka kumi, na ugonjwa ukiingia zizini kwako hukosi kitu. Lakini humfuati mnyama huyo bila sababu. Ukimfuata, umesema kwa mdomo wako kwamba urafiki umekwisha, au kwamba mwenzako anamtesa. Mimi, binti wa Endabash, nilikuwa nimeyajua hayo yote tangu utotoni kuhusu ng'ombe, na haikunijia kabisa kwamba ndivyo mama anavyotoa vitabu.

Yeye aliona ni jambo la wazi. Aliyechukua kitabu alikaa nacho muda anaotaka. Alidaiwa kitu kimoja tu: akikimaliza aje amsimulie mama yaliyomo, na amtajie mtu anayefaa kukisoma baada yake. Huyo mtu ndiye ndama. Kwa njia hiyo mama alikuwa anajua kila kitabu kiko wapi bila kuandika herufi moja, na alikuwa na wasomaji kuanzia Endabash mpaka karibu na ziwa.

Siku ileile aliyokuja mke wa mzee, mama alinirudisha Baray, na kitabu, na kingine juu yake cha kuombea msamaha. Mzee alinipokea, lakini alinifanya nikae nimsimulie hicho cha pili mpaka nusu kabla ya kukubali kukigusa. Maji nilipewa.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka juzi, jirani yetu alipopata posa ya binti yake. Binti ana miaka ishirini na kitu, alimaliza kidato cha nne, na alikuwa akija kwa mama kusaidia kupukuchua mahindi. Mposaji alitoka upande wa Mbulu, mtu mzima mwenye trekta, na mazungumzo ya kwanza yalikuwa yamekwisha vizuri. Wageni walipokuja mara ya pili, binti alitoka jikoni, akawaamkia mmoja mmoja kwa adabu, akasema hataki. Akarudi jikoni.

Baba yake hakutafuta sababu mbali. Alisema ni zile riwaya za yule bibi. Na kweli kila mtu pale kijijini aliijua hadithi ya mwanamke aliyemwacha bwana harusi na wageni wake akapanda basi, kwa sababu mama alikuwa ameisimulia wakati wa kupukuchua, akiigiza sauti zote, ya bwana harusi, ya mama mkwe, mpaka ya kondakta. Wanawake walicheka wakashika mbavu. Sasa kicheko hicho kikawa ushahidi.

Lawama zikamwangukia mdogo wangu wa kiume. Yeye ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani na wazazi. Nyumba na shamba viko mikononi mwake. Nisimpake matope: ni mtoto mwema, ndiye anayempeleka mama hospitali na ndiye aliyebadilisha bati zilizooza. Lakini alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na alikuwa akitaniwa kila Jumapili kwamba anawahubiria watu unyenyekevu huku mama yake anawafundisha kupanda basi. Yeye hajui kutaniwa. Tangu mtoto, ukimtania anaumwa tumbo.

Siku moja mama akiwa kisimani, mdogo wangu aliingia chumbani kwa mama na kiroba cha mbolea akakusanya vitabu. Vilikuwa vinne tu. Akavifungia kwenye stoo ya mahindi, akaweka kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akapanda pikipiki akaenda kutafuta vingine nyumba kwa nyumba. Huko ndiko alikokwama. Kila mlango aliambiwa lilelile: kitabu kipo, kizima, lakini aliyekitoa ni mama, na akikitaka aje mwenyewe. Mwanamke mmoja alimtazama machoni akamuuliza kama mama yake ana neno na wao, na kama analo, kwa nini amtume mtoto. Alirudi jioni na kiroba kitupu. Niliposimuliwa kwa simu nilicheka mpaka mhudumu mwenzangu akaja kuniangalia, na sijaomba radhi kwa kicheko hicho hadi leo.

Aliposhindwa ndipo akaitisha kikao. Jumapili baada ya ibada tulikaa sebuleni kwa mama: mama mwenyewe, mdogo wangu, katekista wa kigango ambaye ni mzee mpole, baba wa yule binti, na mimi niliyeitwa kama chanzo cha uchafu. Nilivaa gauni langu zuri. Nilikuwa nimejiandaa kupigana.

Baba wa binti alianza, akasema kwa kirefu habari za ng'ombe walioahidiwa na aibu aliyoipata mbele ya watu wa Mbulu. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyeumia, na hilo lilinipunguza kasi kidogo. Katekista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sisi wote hatukuwa tumelifikiria: aitwe binti, aulizwe ni kitabu gani. Binti akaitwa. Akasema subirini, akakimbia kwao, akarudi nacho.

Nadhani tulitegemea jalada lenye mwanamke na gari. Lilikuwa na jogoo. Kilikuwa kitabu chembamba cha magonjwa ya kuku na tiba zake, kimechakaa, kurasa zimepakwa pumba na mavi ya kuku, na mistari imepigwa kwa kalamu mpaka chini. Nilikitambua. Nilikuwa nimempelekea mama kwa sababu tu kilikuwa kimebaki sandukuni na hakuna aliyekitaka.

Katekista akamuuliza binti hicho kinahusiana vipi na posa. Alijibu akiwa amesimama, mikono nyuma, kama yuko darasani.

"Mimi niliomba cha mapenzi, bibi akanipa hiki. Sasa nina kuku sitini, na nachanja kuku wa vitongoji vitatu dhidi ya kideri. Yule bwana aliniambia kwake hakutakuwa na kuku, wanachafua trekta. Nikaona basi."

Mama akaeleza kwa upole kwamba ni kweli, binti alikuja anataka mapenzi, lakini alikuwa ametoka kupoteza kuku wote kwa ugonjwa na alikuwa amelia, na mtu aliyelia kwa ajili ya kuku hapewi mapenzi. Hapo katekista alifunika mdomo kwa mkono na mabega yakaanza kutikisika. Alipotulia aliomba kuuona ukurasa wa kideri, kwa sababu kwake nyumbani kulikuwa na vifaranga vimeanza kuinamisha shingo. Baba wa binti naye alisogeza kiti. Kwa dakika kadhaa kikao kilikuwa cha kuku, na nilimwona yule baba akimtazama binti yake akieleza namna ya kudondosha chanjo jichoni, akimtazama kama mtu ambaye hakuwahi kumwona akizungumza.

Ningependa kusema jambo likaishia hapo. Mdogo wangu hakucheka. Alingoja mpaka kitabu kirudi mezani, akasimama.

"Aayo," alisema, na ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, "nakuheshimu. Lakini cha kuku, cha mapenzi, kwangu ni kile kile. Watu wanaingia hapa na shida ndogo wanatoka na maneno makubwa, na anayeulizwa ni mimi. Kuanzia leo kitabu kikija, nikione mimi kwanza. Nikikiruhusu, utasoma."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno mengi, mengine ya Kiiraqw, ambayo hayafai mbele ya katekista. Mama alinyanyua kidole kimoja tu kuelekea kwangu, bila kunitazama, nikakaa.

Alivua miwani, akalegeza uzi, akaiweka mapajani. Akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuuliza kama chumvi imetosha. Alisema alipoolewa alikuja na kitabu kimoja, zawadi ya mwalimu wake wa darasa la nne, amekifungia ndani ya kanga. Baba alikiona wiki ya kwanza. Alikitumia kuwashia moto wa chai, akamwambia mke anayesoma anatafuta mlango wa kutokea. Hakumpiga. Mama alisisitiza hilo, kwamba hakupigwa, kwamba baba alimjengea na kumlisha na hakuwa mtu mbaya. Ila alikataza, na katika nyumba hii neno lake lilikuwa moja. Basi akangoja. Alizaa saba akingoja. Alisoma karatasi za kufungia sukari nyuma ya zizi, akizikunja tena kabla hajaingia ndani. Alituandaa sisi kwenda shule, akashika madaftari yetu ameyageuza juu chini ili tudhani hajui kusoma, tusije tukamtaja kwa baba.

Nilikumbuka madaftari hayo. Tulikuwa tunamcheka. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka zaidi, na miaka yote hii, kila nilipowasimulia watu habari za mama na vitabu, nilijitaja kama niliyemfungulia macho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale sebuleni.

Mdogo wangu alikuwa bado amesimama.

"Miaka arobaini na moja," mama alisema. "Msiba ulipoisha na wageni wakaondoka, nikamwambia dada yako aniletee kitabu, chochote. Baba yako nilimsubiri mpaka akafa. Wewe nimekuzaa, sitaki nikusubiri hivyo. Lete ufunguo."